Kwa nini miguu hufa ganzi ukining'inia kwenye mkanda wa kupandia miti?

Anayepogoa migrevilea ya kivuli kwenye mashamba ya kahawa ya Moshi, au anayeondoa tawi la mjakaranda lililolalia paa la nyumba Arusha, huweza kukaa hewani saa nzima. Baada ya muda mapaja yanawaka, kisha miguu inakufa ganzi. Wengi husema mkanda umebana, wanaulegeza. Mara nyingi hapo ndipo wanapozidisha tatizo.

Mkanda wa kiuno uliolegea hupanda hadi mbavuni ukishakalia kamba, na mikanda ya mapaja inaufuata mpaka kwenye kinena. Pale mshipa mkubwa wa damu na wa fahamu hupita karibu na ngozi. Uzito wako wote ukiangukia hapo, ganzi haikosi.

Kwa hiyo anza na kiuno. Vaa nguo za kazi, toa simu na funguo mifukoni. Mkanda ukae juu kidogo ya mifupa ya nyonga, ile unayoigusa ukishika kiuno. Kaza, kisha uvute chini kwa mikono miwili: ukiteleza kupita nyonga, bado. Ndipo ufunge mapaja. Kiganja kilichonyooshwa kipite kati ya mkanda na paja, ngumi isipite. Ncha ya mkanda itokeze kwenye bizimu kiasi cha upana wa kiganja; ikiishia bizimuni, saizi hiyo si yako, hata kama umeupata kwa bei nzuri.

Kipande kinachosahaulika ni kamba fupi ya mbele inayounganisha pete mbili za pembeni. Ikiwa fupi mno, pete huvutwa ndani na kukuminya nyonga. Ikiwa ndefu mno, unalala chali na fundo la kupandia, lile unalolisogeza kwenye kamba ukipanda au kushuka, linakuwa mbali na mkono.

Kusimama dukani hakukuonyeshi lolote kati ya haya. Funga kamba kwenye tawi imara la chini, miguu iache ardhi kwa sentimita 20 au 30, ukae dakika 15. Geuka, egemea upande, ning'iniza chenso pale itakapokuwa kazini, maana kilo zake 4 au 5 huvuta mkanda upande mmoja. Mkanda wa mafundi wa ujenzi wenye pete mgongoni usiujaribu kwa kazi hii: umetengenezwa kudaka anayeanguka, haukaliki.

Ganzi ukiwa juu ni ishara ya kutafuta tawi la kukanyaga, au kitanzi cha kamba cha kusimamia. Misuli ya miguu inayofanya kazi ndiyo husukuma damu kurudi moyoni. Ukining'inia bila kujongea, damu hutuama miguuni, na mtu anaweza kuzimia ndani ya dakika chache. Akizimia hawezi kujishusha. Ndiyo maana chini ya mti awepo mwenzako mwenye mkanda wake na kamba ya pili, anayejua kupanda na kukuteremsha mara moja.