Fainali ya 1919: Kombe la Stanley lilivyokosa mwenyewe

Mtajie shabiki wa hoki ya barafu mwaka 1919, atakujibu kwa neno moja: mafua. Fainali ya Kombe la Stanley, kombe la mabingwa wa hoki ya barafu, kati ya Seattle Metropolitans ya Marekani na Montreal Canadiens ya Kanada ilivunjika kwa mafua hayo matokeo yakiwa sawa, mchezaji mmoja akafariki, kombe halikupewa mtu. Yote ni kweli. Ila mimi kazi yangu ni kupekua matokeo ya mechi za zamani, na kila nikiirudia fainali hii naona mafua yamefunika jambo jingine lililokuwa likiendelea uwanjani kabla hata hajaugua mtu. Timu hizi mbili zilikuwa zikicheza michezo miwili tofauti kwa zamu, tena kwa vikosi vidogo mno, mpaka miili ikagoma.

Wakati huo NHL ilikuwa ligi changa ya mashariki mwa Kanada, iliyoundwa 1917. Upande wa Pasifiki kulikuwa na PCHA, ligi ya ndugu wawili, Frank na Lester Patrick, waliojenga viwanja vya barafu ya mitambo kwa kuwa majira ya baridi ya pwani ile ni ya upole na maji hayagandi ya kutosha. Kila mwaka bingwa wa mashariki alikutana na bingwa wa magharibi, mwaka huu huku, mwaka ujao kule. Mwaka 1919 ilikuwa zamu ya magharibi, basi Montreal wakapanda treni na kulivuka bara zima hadi Seattle.

Wenyeji wao hawakuwa wa kubezwa. Mwaka 1917 waliwachapa Montreal hawa hawa na kuwa timu ya kwanza ya Marekani kulitwaa kombe, huku Bernie Morris akifunga mabao 14 katika mechi nne. Safari hii Morris hakuwepo. Jeshi la Marekani lilikuwa limemkamata kwa madai ya kukwepa kuandikishwa vitani, na safari yake iliishia gereza la Alcatraz. Seattle wakaingia fainali bila mfungaji wao hatari kuliko wote.

Sasa tuje kwenye kanuni, maana hapa ndipo wengi huteleza. Hoki ya barafu tunayoitazama leo ina wachezaji sita kila upande: kipa, mabeki wawili, washambuliaji watatu, wote wakiwinda paki, kile kisahani cha mpira mgumu. NHL ilikuwa tayari inacheza hivyo. PCHA ilibaki na saba. Huyo wa saba aliitwa rova, na hakuwa na nafasi maalumu. Alishuka kukaba, akapanda kushambulia, akajitokeza popote pengo lilipoonekana. Utasoma mahali pengi kwamba tofauti kubwa ilikuwa pasi ya kwenda mbele, kwamba mashariki waliikataza. Hapo nabisha. Msimu wa 1918-19 NHL nayo ilichora mistari barafuni na kuruhusu pasi hiyo katika eneo la kati, kwa kuiga magharibi. Tofauti iliyobaki na uzito ilikuwa ni huyo mtu wa saba.

Makubaliano yalikuwa kubadilishana: mechi moja kwa kanuni za magharibi, inayofuata kwa kanuni za mashariki. Tazama kilichotokea. Tarehe 19 Machi, wachezaji saba kila upande, Seattle 7, Montreal 0. Tarehe 22, wachezaji sita, Montreal 4, Seattle 2, na mabao yote manne ya Montreal yakafungwa na mtu mmoja, Newsy Lalonde. Tarehe 24, wakarudi saba, Seattle 7, Montreal 2, Frank Foyston peke yake akitia manne. Ukiyasoma matokeo haya bila kujua kanuni, utadhani timu hizi zina kichaa, leo zinafungwa saba, kesho zinatamba. Ukijua kanuni, kila kitu kinakaa mahali pake: Montreal hawakujua wamfanye nini rova.

Mechi ya nne, tarehe 26 Machi, ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na haina bao hata moja. Ilichezwa na sita kwa sita. Langoni mwa Montreal alisimama Georges Vézina, ambaye jina lake leo linabebwa na tuzo ya kipa bora wa NHL. Langoni mwa Seattle alikuwa Hap Holmes. Mwishoni mwa kipindi cha kwanza kati ya vitatu Cully Wilson wa Seattle alitia paki wavuni, lakini mwamuzi akasema muda ulikuwa umekwisha kabla paki haijavuka. Kwa maneno mengine, upana wa nukta moja ya saa ulitenganisha Seattle na kombe, kwa sababu ushindi ule ungekuwa wao wa tatu katika fainali ya mechi tano. Dakika 60 zikaisha 0-0. Wakaongeza 20. Bado 0-0, na mechi ikasimamishwa hapo.

Anayeitazama hoki ya leo huenda asielewe maana ya dakika 80. Siku hizi mchezaji hukaa barafuni chini ya dakika moja, anatoka, anaingia mwingine, hivyo hivyo mechi nzima. Mwaka 1919 walioanza ndio waliomaliza, na wa akiba walikuwa wachache wa kuhesabu. Aliyewahi kuteleza kwenye barafu ya hoteli ya Panari, Nairobi, anajua mapaja yanavyowaka moto baada ya dakika chache tu, na hapo hakuna mtu anayemkimbilia na gongo la hoki.

Ubishi ukazuka: mechi inayofuata ni ya tano, au ni marudio ya ya nne? Seattle walitaka kanuni zao kwa kuwa zamu imefika. Montreal wakashikilia kwamba sare lazima irudiwe kwa kanuni zile zile. Montreal wakashinda ubishi huo, na ikakubaliwa pia kwamba muda wa nyongeza usikome mpaka bao lipatikane. Kwa maoni yangu, hapo ndipo mkondo wa fainali ulipogeuka, mezani, kabla ya filimbi.

Tarehe 30 Machi Seattle waliongoza 3-0 hadi mwisho wa kipindi cha pili. Kipindi cha tatu Montreal wakarudisha yote matatu, mawili ya Lalonde na moja la Odie Cleghorn. Katika muda wa nyongeza Wilson aliishiwa nguvu kabisa akatoka barafuni, Seattle hawakuwa na mtu mwenye pumzi wa kuziba nafasi yake, na Jack McDonald akafunga. 4-3. Sasa kila timu ilikuwa na ushindi mara mbili na sare moja. Upande wa Montreal beki Joe Hall hakuimaliza mechi ile. Wengi walidhani ni uchovu.

Mechi ya kuamua ilipangwa tarehe 1 Aprili. Siku hiyo Hall, Lalonde, McDonald, Billy Coutu, Louis Berlinguette na meneja wao George Kennedy walikuwa wamelala na homa, mafua yale yale yaliyozunguka dunia nzima tangu 1918 na kupita mpaka huku kwetu Afrika Mashariki. Kennedy aliomba kuazima wachezaji wa Victoria, timu nyingine ya PCHA, akakataliwa. Akaomba basi Seattle wachukue ushindi wa mezani. Pete Muldoon, kocha wa Seattle, akakataa. Hakutaka kombe la watu waliolala vitandani. Saa chache kabla ya mechi, fainali ikafutwa.

Hall alifariki kwa nimonia tarehe 5 Aprili, hospitalini Seattle, akiwa na umri wa miaka 37. Alikuwa Mwingereza kwa kuzaliwa, mzaliwa wa Staffordshire, aliyeitwa Joe Mbaya kwa rafu zake, na msimu ule ule aliongoza NHL kwa dakika za adhabu, yaani muda wa kutolewa nje kwa rafu.

Huwa naulizwa: nani angestahili? Watu wa Seattle hutaja jumla ya mabao, 19 kwa 10. Hesabu ni sahihi, lakini 14 kati ya hayo 19 yalitoka kwenye mechi mbili za wachezaji saba. Kwa wachezaji sita, Montreal walishinda mbili, wakatoka sare moja, na hawakupoteza hata moja. Nikiulizwa mimi, nasema hakuna bingwa, na sisemi hivyo kwa adabu: kila timu ilikuwa bora katika mchezo wake na dhaifu katika wa mwenzake. Wachongaji wa kombe nao walipolifanyia ukarabati mwaka 1948 waliandika majina ya timu zote mbili, na chini yake kwamba fainali haikukamilika.

Kennedy aliamka kitandani lakini afya yake haikurudi. Alifariki mwaka 1921, na mjane wake akaiuza Canadiens kwa dola 11,000.