Rupia ya mzee na zile namba za kasha

Wiki iliyopita mzee mmoja wa Tukuyu alifika mezani kwangu Mwanjelwa. Baada ya shikamoo na marahaba akafungua fundo la kitenge: sarafu ya rupia ya Mjerumani ya 1905, inang'aa kama sufuria ya shughuli. "Nimeisugua kwa majivu na limau, mwanangu. Nisingekuletea kitu kichafu." Nilikosa la kusema.

Nieleze kwa nini.

Sarafu za kukusanya hupewa daraja kuanzia 1 hadi 70. Kipimo hiki alikitunga Mmarekani William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za kwao, na kwake namba ndiyo ilikuwa bei: sarafu ya 70 iuzwe mara 70 ya ile ya 1. Hesabu hiyo ilishavunjika, namba zikabaki. Kuanzia 60 ni sarafu zisizowahi kutumika. PCGS, kampuni ya Marekani ya kupima sarafu, ilipoanza mwaka 1986, na mshindani wake NGC mwaka uliofuata, ngazi zote 11 za 60 hadi 70 zikaingia sokoni, kila sarafu ikifungiwa kwenye kasha la plastiki lenye namba yake. Mwaka 2010 wakaongeza na alama ya kujumlisha, kwa sarafu iliyo karibu kuvuka ngazi.

Sasa 64 na 65 zinatofautiana nini? Mara nyingi ni mikwaruzo midogo ya sarafu kugongana zikiwa kwenye magunia kabla ya kutumika, tena inategemea imeangukia wapi. Mkwaruzo ukiwa shavuni pa Kaisari Wilhelm II, mfalme wa Ujerumani aliye kwenye rupia, unaonekana kabla ya kitu kingine chochote. Ukijificha kwenye majani ya upande wa pili, unasamehewa. Kisha mng'ao: geuza sarafu taratibu chini ya taa moja, mwanga uzunguke kama tairi la baiskeli. Ukikatika mahali, hapo pameguswa.

Lakini mkwaruzo hauna bei. Bei iko kwenye idadi. Tuseme za 64 zinajulikana 300 na za 65 ziko sita, na wanaotaka iliyo bora ni kumi. Wanne watakosa, na hao ndio wanaopandisha bei. Zikiwa za 65 ni elfu mbili, ngazi hiyo hiyo haitakulipa hata gharama ya kuituma sarafu ng'ambo. Ndiyo maana anayeniletea shilingi ya kawaida ya wakati wa Mfalme George VI namwambia aihifadhi tu, asihangaike na kasha.

Kuna kituko kingine: 58, iliyosugulika kidogo sana kwa kutumika, aghalabu inapendeza kuliko 60 iliyojaa makovu. Mimi nachukua 58.

Na zile za Tabora za 1916, zilizogongwa kwenye karakana ya reli wakati wa vita, ndizo zinazowaumbua wengi. (Neno letu hela limetokana na heller, sarafu ndogo ya Mjerumani, kwa hiyo hapa tunapima hela yenyewe.) Heller 20 ya Tabora inaweza kuonekana imechakaa kumbe ilitoka mashineni hivyo, maana muhuri haukubana vizuri. Angalia sehemu zilizofifia: zikiwa bado na mng'ao wake, udhaifu ni wa mashine. Zikiwa butu na laini, zimepita mikononi. Anayezichanganya hupoteza ngazi kadhaa, na pesa pia.

Alama ya kujumlisha siiamini sana. Kuna watu huvunja kasha na kuipeleka sarafu ile ile tena, ikarudi na namba nyingine. Na kila inaporudi inaweza kuhesabiwa upya, hivyo hata orodha za idadi ya sarafu za kila ngazi huvimba.

Turudi kwa mzee. Tai aliye juu ya kofia ya Wilhelm II alikuwa na manyoya karibu yote, pengine ingefika 58. Lakini iliyosuguliwa haipewi namba kamili, huandikwa tu kwamba imesafishwa, na wanunuzi wazito huipita. Nilimlipa juu kidogo ya thamani ya madini yake: rupia ina gramu 11.66, na sehemu 917 kati ya 1,000 ni madini ya fedha.

Alipokuwa anafunga kitenge akasema nyumbani zipo mbili zaidi, nyeusi tii, na mama amepanga kuzisugua Jumamosi. Nikampa simu yangu ampigie palepale.