Je, wajua kwa nini tishu ya jongo (ugonjwa wa viungo uitwao gout) haifai kutiwa kwenye fomalini?

Karibu kila kipande cha nyama kinachotolewa mwilini kwa uchunguzi hutumbukizwa kwenye fomalini ili kisioze. Jongo lina masharti yake. Ukipasua kinundu cha jongo kwenye kiwiko au kidole gumba cha mguu, hutoka kitu cheupe kama chaki. Hizo ni fuwele za urati ya sodiamu, yaani chumvi, na fomalini ya maabara kwa sehemu kubwa ni maji. Fomaldihaidi yenyewe ni asilimia 4 hivi.

Lakini mbona mwilini, kulikojaa maji, fuwele hizo hukaa miaka? Ni kwa sababu damu na ute wa viungo vya mgonjwa vimeshashiba urati. Katika joto la mwili, miligramu 6.8 hivi kwa desilita ndiyo kikomo; ikizidi hapo, huweza kuganda. Ndani ya kichupa cha fomalini hakuna urati hata chembe, basi fuwele huanza kuyeyuka.

Kwa hiyo kipande hutiwa kwenye ethanoli isiyo na maji. Katika mashine ya kuandaa tishu nako, hatua ya fomalini irukwe: kianzie kwenye alkoholi, kiende zailini (kiyeyusho cha kuondoa alkoholi), kisha nta. Hata baada ya hapo hatari ipo. Vipande vyembamba huwekwa vielee juu ya maji ya uvuguvugu ili vinyooke, na visicheleweshwe hapo. Himatoksilini, rangi ya kupaka slaidi, nayo huyeyushwa kwenye maji, ndiyo maana naona ni lazima iwepo angalau slaidi moja isiyopakwa rangi, au iliyopakwa eosini ya alkoholi peke yake.

Chini ya hadubini ya mwanga uliopolaishwa (unaotikisika upande mmoja tu), sindano za urati hung'aa. Kukiwekwa bamba maalumu la hadubini hiyo (kwa Kiingereza, red compensator), zinazolala sambamba na mhimili wake huonekana za njano, zinazokingama huwa za buluu. Watafiti McCarty na Hollander walizitambua fuwele za ute wa viungo kwa mwanga huo mwaka 1961.

Zikiyeyuka, hubaki madoa ya waridi yaliyozungukwa na seli kubwa zenye viini vingi. Daktari mzoefu atashuku jongo, ila fuwele ya kuonyesha hana. Hata hivyo, kinundu kikubwa kilichotiwa fomalini kwa bahati mbaya kisitupwe: kihamishiwe alkoholi upesi, maana fuwele za katikati huenda bado zipo.