Moksa utosini haichukui nafasi ya kipimo cha usikivu

Tumepokea malalamiko kuhusu vituo vinavyotangaza kwamba moksa, tiba ya moto ya Kichina, humaliza kizunguzungu cha sikio la ndani. Hatupingi tiba mbadala, Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya Tanzania, Na. 23 ya mwaka 2002, inaitambua. Tunachopinga ni mgonjwa kuchomewa majani utosini kwa miezi kadhaa ilhali sikio lake halijapimwa hata mara moja.

Moksa hutokana na majani makavu ya mmea wa jamii ya pakanga, yanayosagwa hadi yawe laini kama pamba. Huviringishwa kuwa kijiti kinachoshikiliwa sentimita chache juu ya ngozi, au hufinyangwa kuwa vipande vidogo vinavyowashwa juu ya ngozi yenyewe. Kwa kizunguzungu, waganga wa China huchagua Baihui, sehemu iliyo utosini. Ni elimu ya kale yenye heshima zake. Mwaka 2010 UNESCO iliiingiza, pamoja na tiba ya sindano, katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Heshima hiyo ni ya utamaduni. Si cheti cha kuponya, na tangazo linaloitumia hivyo linapotosha.

Katika ugonjwa wa Ménière, mojawapo ya visababishi vya kizunguzungu hicho, majimaji ya sikio la ndani huzidi kiasi. Shambulio moja la kizunguzungu huchukua dakika 20 hadi saa 12. Sikio huvuma, hujaa, usikivu hushuka. Kisha hutulia lenyewe, na miezi inaweza kupita bila kurudi. Aliyechomwa moksa wiki ile huisifu moksa, na jirani yake naye anakwenda. Tafiti nyingi za China zinazoonyesha nafuu ni ndogo, na mgonjwa anajua fika kwamba amechomwa, hivyo ni vigumu kutenganisha nafuu ya moto na nafuu ya matumaini. Wakati huo huo usikivu unaweza kuendelea kupungua, shambulio baada ya shambulio.

Na tafadhali, si kila kizunguzungu ni presha. Nalisema hili kila siku ya kliniki. Kinachodumu chini ya dakika moja ukigeuka kitandani mara nyingi ni vichembe vya chokaa vilivyohama sikioni. Daktari huvirudisha kwa kukugeuza kichwa kwa mpangilio maalumu, bila dawa. Kinachoambatana na mdomo kupinda, ulimi kuwa mzito au mkono kulegea, kichukuliwe kuwa kiharusi: hospitali mara moja.

Ukishapimwa na bado ukaitaka moksa, zingatia utaratibu. Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala husajili mtoa huduma, na husajili kituo. Hivyo ni vitu viwili. Cheti cha kituo hakimhalalishi kila aliyeshika kijiti ndani yake, na leseni ya biashara si usajili wa Baraza. Omba kuviona vyeti vyote viwili, soma jina na tarehe ya mwisho. Kutoa huduma bila usajili ni kosa la jinai. Ukiungua, piga picha ya kidonda siku hiyo hiyo, tunza risiti, kisha mwone mratibu wa tiba asili wa halmashauri yako. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia za ngozi, na mwenye pumu asiyevumilia moshi, wasichomwe kabisa. Na dawa ulizoandikiwa hospitali usiziache kwa agizo la mchoma moksa.