Hasira ya mpiga kura haisemi inakoelekea

Uchaguzi wa jimbo ukikaribia huku Kanada, simu yangu haitulii. Ndugu na marafiki wananiambia lilelile: "Watu wamechoka, serikali hii inaondoka." Mimi kazi yangu ni kuchambua kura za maoni, yaani tafiti zinazowauliza watu watakipa kura chama gani. Kwamba watu wamechoka, mara nyingi ni kweli. Hilo la kuondoka ndilo hunitia mashaka.

(Msomaji wa Tanzania anisamehe: jimbo hapa si eneo la mbunge mmoja. Alberta nzima ni jimbo, lina serikali na bunge lake, na katika chaguzi ninazozieleza hapa bunge hilo lilikuwa na viti 87.)

Alberta ndiyo iliyonifunza. Chama cha Progressive Conservative, PC, kilikuwa madarakani tangu 1971. Kufikia Aprili 2012 wengi walikuwa wamekikinai, na kura za maoni zilikuwa zinakipa ushindi chama cha Wildrose kilichoongozwa na Danielle Smith. Masanduku yalipofunguliwa, PC viti 61, Wildrose 17. Hasira ilikuwepo, tena ya kweli. Ila siku za mwisho, kauli za baadhi ya wagombea wa Wildrose zilipovuma, watu wakaona heri zimwi liwajualo. Dalili utaikuta kwa Liberal, chama kingine cha upinzani: asilimia 26 ya kura mwaka 2008, chini ya 10 mwaka 2012. Wapinzani wa serikali walikuwa wamekipigia kura chama tawala ili kumzuia mwingine, na watafiti wengi walishafunga madaftari.

Mwaka uliofuata, jimbo jirani la British Columbia likatuaibisha tena. NDP, chama cha mrengo wa kushoto, ilitabiriwa kushinda. Liberal, waliokuwa wakitawala huko, wakachukua viti 49 kati ya 85, huku kiongozi wao Christy Clark akipoteza kiti chake mwenyewe.

Turudi Alberta. Waziri mkuu wa jimbo, Alison Redford, alijiuzulu Machi 2014 kwa kelele za gharama za safari, ikiwemo ya dola 45,000 hivi kwenda kwenye mazishi ya Mandela. Desemba, Smith na wabunge wenzake wanane wakahamia PC, chama walichokuwa wakikishutumu. Bei ya mafuta, tegemeo la jimbo, ikaporomoka. Jim Prentice, mrithi wa Redford, akawaambia wananchi kwamba anayetafuta wa kulaumiwa kwa hali ya fedha ajitazame kwenye kioo, akaleta bajeti yenye kodi na ada mpya, kisha akaitisha uchaguzi mwaka mzima kabla ya wakati wake.

Safari hii hasira ilikuwa na pa kutua. NDP ya Rachel Notley, iliyopata viti 4 tu mwaka 2012, ilizidi kupanda hadi siku ya mwisho. Kura za maoni zilisema hivyo waziwazi, lakini wachambuzi wengi walisita kuziamini; aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mei 5, 2015, NDP ikapata viti 54.

Kwa hiyo dodoso likiniuliza tu kama watu wameridhika na serikali, silipi uzito mkubwa. Swali ninalolitafuta ni hili: chaguo lako la pili ni chama gani, na kipi hutakipa kura kamwe? Hapo ndipo unaona kama waliochoka watakusanyika, watagawanyika au watabaki nyumbani.

Halafu kuna viti, na hapa ndipo wengi wanapoanguka. Mwaka huo wa 2015 PC ilipata kura asilimia 28, Wildrose 24. Viti? Wildrose 21, PC hawakuzidi 10. Kura za Wildrose zilirundikana vijijini, za PC zilitapakaa kila mahali bila kutosha popote. Na katika eneo la Calgary-Glenmore, usiku ule NDP na PC walilingana kura kwa kura, ikabidi zihesabiwe upya. NDP ndiyo iliyokichukua kiti.