Phoebe Asiyo na thuluthi ambayo si zawadi

Tangu Phoebe Asiyo afariki mwaka 2025, imesikika tena ile kauli ya zamani: wanawake wa Kenya walizawadiwa viti na Katiba ya 2010. Si kweli, kwa sababu mbili.

Kwanza, miaka 13 kabla ya katiba hiyo, mwaka 1997, Asiyo, aliyekuwa mbunge wa Karachuonyo, aliwasilisha Bungeni hoja ya kuwatengea wanawake viti. Ikaangushwa. Baadaye akawa kamishna katika tume ya kurekebisha katiba, na dai lile lile likaendelea kupiganiwa.

Pili, katiba haisemi "thuluthi moja ni ya wanawake". Kifungu cha 27(8) kinasema wa jinsia moja wasizidi thuluthi mbili katika chombo cha kuchaguliwa au kuteuliwa. Kwa hiyo kinamlinda mwanamume vilevile.

Tatizo liko kwenye utekelezaji. Bunge la Kitaifa lina wabunge 349: 290 wa maeneo bunge, wanawake 47 wa kaunti na 12 wa kuteuliwa. Ili kanuni itimie, wanawake wanapaswa kuwa 117 au zaidi. Viti 47 peke yake havifiki hata nusu ya hapo. Katika mabunge ya kaunti, Kifungu cha 177 kinaagiza viti maalumu viongezwe baada ya uchaguzi hadi hesabu itimie. Bunge la Kitaifa halina utaratibu huo. Mswada baada ya mswada umekwama, mara nyingine kwa kukosa tu idadi ya wabunge wa kupiga kura, na hilo linauma. Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje Bunge kwa sababu hiyo. Halikuvunjwa.