Mishumaa miwili mbele ya runinga, au: pedi yako ya gemu inapima nini?

Kijana mmoja alinifuata kwenye meza yangu ya ufundi hapa Magomeni na Nintendo Wii, konsoli (mashine ya gemu ya kuunganisha na runinga), ndani ya mfuko. Ndugu yake kamtumia kutoka Ulaya, na panya wamekata waya wa kile kijiti cheusi kinachokaa juu ya runinga, ambacho hata kwenye boksi lake kimeitwa sensa. "Fundi, bila hiyo sensa gemu haichezeki. Nimeulizia Kariakoo nzima, hamna." Nikamtuma dukani akanunue mishumaa miwili.

Alidhani namtania. Nikaiwasha na kuisimamisha mbele ya runinga, mmoja kushoto na mwingine kulia, kama shubiri moja kati yao, kisha nikampa rimoti. Kile kimkono cha kwenye skrini kikaanza kumfuata anakoelekeza. Akacheka mwenyewe, akachukua Wii yake na vipande vya mishumaa, akaondoka. Waya alisema wa nini tena.

Kile kijiti, pamoja na jina lake, hakihisi kitu. Ni taa. Kila upande kina balbu ndogo za infraredi, mwanga ambao jicho halioni (ukikitazama kwa kamera ya simu, kwenye simu nyingi utaona vinuru vya zambarau). Anayehisi ni rimoti yenyewe: nyuma ya ile plastiki nyeusi ya mbele kuna kamera inayotafuta nuru hizo mbili, na kwa kuangalia zimekaa wapi kwenye picha na zimelala mshazari kiasi gani, inajua umeielekeza wapi. Mwali wa mshumaa una infraredi tele. Kamera haina habari kama ile nuru imetoka kiwandani au dukani kwa Mangi.

Naulizwa sana, na vijana wanaoleta pedi na wazazi wanaotaka kumnunulia mtoto, kipi bora kati ya kucheza kwa kuutembeza mkono na kucheza kwa pedi ya kawaida. Huwa najibu kwa swali: pedi hiyo inapima nini? Maana tunatupa kwenye kapu moja vitu vinne au vitano visivyohusiana, tunaviita "moshen", yaani kucheza kwa mwendo wa mkono, halafu tunagombana.

Tuanze na kitufe, maana ndicho rahisi. Fungua karibu pedi yoyote: chini ya kitufe kuna kikombe cha mpira laini, na kwenye pedi nyingi kikombe hicho kina kidonge cheusi cha kaboni kinachogusa bodi ukibonyeza. Kimegusa au hakijagusa. Kitufe hakina labda. Ndiyo maana gemu za ngumi, ambamo picha 60 hupita kwa sekunde na kuchelewa picha tatu ni kupigwa, hazijawahi kukihama.

Stiki, kile kifimbo kinachosukumwa kwa kidole gumba, ni habari nyingine. Ndani yake kuna potenshometa mbili, moja ya kulia na kushoto, nyingine ya juu na chini. Kila moja ina utepe wa kaboni na kidole cha chuma kinachoteleza juu yake, na umeme unaopita unabadilika kadiri kidole kinavyosogea. Utepe huo unalika. Nikifungua stiki ya pedi iliyofanya kazi miaka miwili kwenye kibanda cha gemu, nakuta vumbi jeusi laini kama wanja, na pale katikati, ambapo stiki hurudi mara elfu kwa siku, utepe umeng'aa kwa kusuguliwa. Hapo ndipo mteja anaposema "fundi, pedi inavuta." Mchezaji anatembea mwenyewe kwenda kona ya uwanja wakati hakuna aliyemgusa. Siku hizi zipo stiki zinazotumia sumaku, ambazo hazisuguani na kwa hiyo haziliki kwa namna hiyo. Sega waliweka sumaku kwenye pedi ya konsoli yao ya Dreamcast tangu miaka ya 1990 inaishia. Sijui kwa nini tulirudi kwenye kaboni. Nahisi ni bei.

Lakini la muhimu kuhusu stiki si kulika. Ni kwamba kwenye gemu ya kulenga shabaha, stiki haisemi "tazama pale." Inasema "geuka, kwa kasi hii." Ukiisukuma hadi mwisho, mtazamo kwenye skrini unazunguka kwa kasi ya juu iliyowekwa na gemu, tuseme nyuzi 180 kwa sekunde, na kazi yako ni kuiachia wakati hasa adui anapofika katikati. Ni kama kusimamisha feni ili panga moja lielekee mlangoni. Ukiwahi umepungukiwa, ukichelewa umepitiliza, unarudi kidogo, unapitiliza tena. Watengenezaji wanalijua hilo, ndiyo maana karibu kila gemu ya bunduki ya konsoli ina msaada wa siri: shabaha ikimkaribia adui inapunguza mwendo, au inavutwa kidogo kumfuata. Wanaotamba kwamba wana jicho kali kwenye pedi wajue wana msaidizi.

Kwa kukimbiza mtu uwanjani, hata hivyo, stiki haina mpinzani. Pale unachotaka ni upande na kasi, na stiki inatoa hivyo hivyo viwili. Katika vibanda vyetu, ambako mpira ndio gemu na gemu ndiyo mpira, hakuna aliyewahi kuniuliza jinsi ya kupiga chenga kwa kutikisa pedi, na akiniuliza nitamwonea huruma.

Sasa rimoti ya Wii. Ilipotoka mwishoni mwa 2006 ilikuwa na ile kamera, na ndani yake akselerometa. Akselerometa ni kipande cha silikoni kidogo kuliko punje ya mchele, chenye kijiwe kilichoshikiliwa na springi zisizoonekana kwa macho. Ukiisukuma rimoti, kijiwe kinabaki nyuma kidogo, na chipu inapima kimebaki kiasi gani. Inapima msukumo basi. Haijui mkono wako uko wapi, haijui ulianzia wapi. Na haiwezi kutofautisha msukumo wako na uvutano wa dunia: iweke mezani imetulia tuli, bado itakuambia inasukumwa juu kwa nguvu ya uvutano. Ukiizungusha kwa ulalo, kama unavyofungua mlango, hiyo akselerometa haigundui kitu, kwa sababu uvutano haujabadilika upande.

Ndiyo maana upanga wa kwenye gemu za mwanzo haukuwa upanga. Mfano wangu ni gemu ya Twilight Princess, iliyokuja na Wii siku ya kwanza. Ilikuwa imeandaliwa kwa GameCube, konsoli ya Nintendo iliyotangulia Wii, ambako unapiga kwa kitufe. Kwenye Wii unatikisa rimoti, na gemu ikiona mtikisiko inafanya kile kile ambacho kitufe kingefanya. Ukate kwa ukali, ukate kwa madaha, utikise kama unakung'uta mkono baada ya kunawa, pigo ni lile lile. Wachezaji waligundua siku ya pili na mikono ikarudi kwenye kochi. (Jambo la kufurahisha: Link, shujaa wa gemu hiyo, alikuwa mtu wa kutumia mkono wa kushoto, lakini kwa kuwa watu wengi hushika rimoti kwa kulia, Nintendo waliigeuza dunia nzima ya gemu ile kama kwenye kioo. Jua la huko linachomoza magharibi.)

Kutikisa kwa namna hiyo ni kitufe kibovu. Kinachelewa, kwa sababu mkono lazima uanze safari kabla chipu haijajiridhisha, na kina labda nyingi. Sony walionja hilo pia. Pedi ya kwanza ya PlayStation 3 ilikuja na akselerometa, ikakosa mtetemo, na mwaka 2007 wakatoa gemu ya kuendesha madragoni angani iitwayo Lair ambayo ilikulazimisha kuinamisha pedi ili kuruka. Ilisemwa vibaya mno. Mwaka uliofuata ikaongezewa ruhusa ya kutumia stiki.

Mbona basi Wii iliuza zaidi ya milioni 100? Kwa sababu ya gemu ya Wii Sports, na kwa sababu Wii Sports haikudai usahihi. Boling, mchezo wa kubingirisha tufe ili kuangusha pini, ni mkono mmoja unaorudi nyuma na kuja mbele, kitu ambacho akselerometa inakiona vizuri, na mtu ambaye hajawahi kushika pedi anakielewa bila kuelezwa. Nimemwona mama wa makamo, ambaye ukimpa pedi yenye vitufe zaidi ya kumi anairudisha kama chenji ya noti bandia, akiangusha pini zote kwa mtupo wa pili. Watu walijisahau hadi rimoti zikaruka mikononi na kupiga vioo. Mwaka huo huo wa 2006 Nintendo wakabadilisha kamba ya kifundo cha mkono kwa nene zaidi.

Mwaka 2009 ikaja MotionPlus, kidude cha kuchomeka chini ya rimoti, na ndani yake jairo, kipimio cha mzunguko. Huyu ndiye shujaa wangu, nitamrudia. Kwa jairo upanga ukawa upanga: gemu ya Skyward Sword ya 2011 ilijua unakata kutoka juu kwenda chini au kulia kwenda kushoto, na maadui walikinga kwa upande. Ikaibuka shida nyingine, ambayo hakuna chipu inayoiondoa. Adui akiukinga upanga wako kwenye skrini, upanga wa skrini unasimama, lakini mkono wako unaendelea, kwa sababu hewani hakuna ngao. Kuanzia hapo mkono wako na upanga wako viko mahali pawili. Kitufe, pamoja na uduni wake, kina sakafu: kidole kinafika, kinasikia, kinarudi. Gemu ile iliporudishwa kwa ajili ya konsoli ya Switch mwaka 2021, iliwekewa njia ya kukata kwa stiki, na wengi waliishukuru.

Kinect ya Microsoft, kifaa cha kamera cha konsoli yao ya Xbox, sitaikalia sana. Ilitoka Novemba 2010, ikauza milioni 8 kwa siku 60 za kwanza na kuingia kitabu cha Guinness. Ilikutazama kwa kamera ya kina (inayopima umbali), picha 30 kwa sekunde, kwa hiyo kabla hata ya kuanza kufikiri ilishachelewa, halafu ilibidi itafute bega lako liko wapi na kiwiko kiko wapi. Kwa dansi, sawa. Kwa kingine chochote unagundua kwamba mtu asiyeshika kitu hana hata njia ya kutembea mbele. Na ilitaka nafasi ya mita kadhaa mbele ya runinga; wapangaji wa chumba na sebule tunajua maana yake. Utengenezaji ulisimamishwa mwaka 2017.

Baada ya hapo watu wengi wakaandika kwamba moshen imekufa. Haikufa. Ilihamia ndani ya pedi ya kawaida.

Jairo hupima mzunguko: nyuzi ngapi kwa sekunde, kwa kila upande. Ndani yake kuna kijiwe kinachotetemeka daima, na ukizungusha pedi kijiwe kinapotoka njia yake kidogo. Konsoli inajumlisha hizo nyuzi mara mamia kwa sekunde na kupata umegeuza kiasi gani. Kwa hiyo tofauti na stiki, jairo inasema "geuka nyuzi tatu," kisha inanyamaza. Kifundo kikisimama, shabaha imesimama. Hakuna feni ya kuwahi. Gemu ya kulenga shabaha ya Splatoon ya 2015 ilijengwa juu ya hilo: stiki ya kulia inakugeuza kwa jumla, kisha kifundo kinamalizia zile nyuzi mbili tatu za mwisho. Pedi za PlayStation 4 na 5 zina jairo ndani, za Switch zinayo, gemu ya Fortnite iliiruhusu kwenye PlayStation mwaka 2022. Pedi za Xbox One na Xbox Series hazina, na hilo sina la kulitetea.

Hapa hakuna kutikisa, hakuna kusimama. Umeketi, pedi iko mapajani, na mtu wa pembeni hata hajui kwamba unatumia moshen. Ndugu zangu wa vibandani huizima dakika ya kwanza kwa sababu shabaha "inacheza cheza." Inacheza kwa sababu mnajaribu kufanya yote kwa jairo. Fanyeni kinyume cha mazoea: stiki kwa safari ndefu, jairo kwa sentimita za mwisho, na iwe inawaka pale tu mnapobana kitufe cha kulenga, ili mkikohoa shabaha isiende darini. Siku mbili za kwanza ni za mateso. Na shabaha ikianza kutambaa yenyewe taratibu, usikimbilie kwangu. Jairo ina kosa dogo linalojumlishwa pamoja na mengine, hasa ikipata joto. Weka pedi mezani, usiiguse kwa muda, konsoli nyingi zitajisawazisha. Stiki inayovuta, hiyo ndiyo uniletee.

Yule kijana wa mishumaa alirudi baada ya wiki mbili na kile kijiti. Mama yake kaipenda boling, anacheza na majirani jioni, lakini mishumaa inakwisha kabla ya raundi ya kumi na feni haiwezi kuwashwa. Nikaumenya ule waya uliotafunwa. Ndani hamna hata njia ya data, nyaya mbili tu, umeme unaenda na kurudi, kama tochi. Nikaziunga, nikafunga utepe, akanipa elfu tatu.